Haki ya Mgonjwa wa Figo Siku za Maradhi ya Kuambukiza

Shukurani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwili na viungo vyake, Mwenye kuteremsha maradhi na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa sunna zilizoshikwa sana na watu wa pwani ni kumzuru mgonjwa. Akiugua mtu Mombasa au Unguja, Lamu au Tanga, khabari hutoka msikitini baada ya sala ya alasiri, na kabla ya magharibi barazani pake hapana pa kuweka mguu. Huyu amekuja na tende, yule na madafu, na wa tatu amemleta mwalimu wa kumsomea. Hii ni ada njema, na aliyeirithi amerithi kheri. Walakini kila amali ina elimu yake, na amali isiyo na elimu yaweza kumdhuru yule yule aliyetakiwa manufaa.

Jambo hili lilidhihiri mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya Korona katika nchi za Afrika Mashariki. Likadhihiri zaidi kwa watu wa namna moja, nao ni wale ambao figo zao zimekufa, wakawa wanaishi kwa mashine ya kusafishia damu, au kwa figo waliyopewa na ndugu zao. Risala hii yabainisha haki ya watu hao juu ya jamaa zao, na jirani zao, na Waislamu wote, siku ambazo maradhi ya kuambukiza yameenea.

HALI YA MGONJWA HUYU

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu figo mbili, nazo huitwa pia nso, kila moja kadiri ya ngumi, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kazi yao ni kuchuja damu usiku na mchana, zikatoa taka na maji yaliyozidi, yakashuka kwa njia ya mkojo. Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu, yakidumu miaka bila ya kutibiwa, huziharibu kidogo kidogo, na mwenyewe hana khabari, mpaka siku aonapo miguu imevimba na pumzi imembana. Zikisha kufa zote mbili, taka hubaki katika damu, na asipopata msaada hakai siku nyingi ila hufa.

Zamani hapakuwa na hila. Ilipofika mwaka 1943, katika mji wa Kampen nchi ya Uholanzi, nayo imo vitani, tabibu aitwaye Willem Kolff alitengeneza mashine ya kuchuja damu nje ya mwili, na mwaka 1945 akapona kwayo mgonjwa wa kwanza. Kisha mwaka 1954, katika mji wa Boston, Marekani, matabibu walitoa figo moja ya mtu wakampandikiza pacha wake, na pacha huyo akaishi. Hii leo mgonjwa hulazwa kando ya mashine, damu yake ikatoka kwa mpira, ikapita katika chujio lenye nyuzi nyembamba mno, ikarudi mwilini imesafika. Kila mara huchukua kama saa 4, na maji yatumikayo kwa mara moja hupita lita 100. Ipasavyo ni mara 3 kwa juma, lakini wengi katika Afrika Mashariki hupata mara 2 tu, kwa uchache wa mashine na uzito wa gharama.

Ama kupandikiza figo, katika Tanzania kulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Novemba 2017, na mwaka 2018 kukafanywa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo aliyejaaliwa gharama alisafiri mpaka India. Aliyepandikizwa hana haja tena ya mashine. Walakini mwili hauijui figo ile ngeni, nao hutaka kuipiga vita kama unavyopiga vita kila kilichoingia kwa jeuri. Kwa hiyo hupewa dawa za kuutuliza ulinzi wa mwili, naye huzinywa kila siku maadamu figo ile ingali hai.

Basi watu wote wawili hawa ni wanyonge mbele ya maradhi ya kuambukiza. Wa kwanza, ulinzi wa mwili wake umedhoofishwa na ugonjwa wenyewe. Wa pili, umedhoofishwa kwa dawa ile ile impayo uhai. Hesabu zilizokusanywa katika Ulaya miezi ya mwanzo ya mwaka 2020 zilionyesha ya kuwa, miongoni mwa wagonjwa wa namna hizi mbili waliopatwa na Korona, karibu mmoja katika kila watano alikufa kabla ya kutimia mwezi.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Siku zile watu wa nchi nyingi waliamrishwa wakae majumbani mwao. Mgonjwa wa mashine hana ruhusa ya kukaa nyumbani. Akikosa mashine kwa juma moja, maji humjaa kifuani, na chumvi iitwayo potasiamu huzidi katika damu yake mpaka ikasimamisha moyo. Yampasa atoke, mvua na jua, maradhi yapo au hayapo, aende akae chumba kimoja na wagonjwa wengine. Mlango wake haufungiki. Na mlango usiofungika hulindwa na watu waliosimama kando yake. Hao ni nani, ila mkewe na wanawe, ndugu zake, jirani zake na watu wa msikiti wake?

MTU WA KISAKA

Na achukuliwe kwa mfano mtu akaaye Kisaka, upande wa Serengeti katika mkoa wa Mara, nchi ya Wakurya. Ni mbali na bahari, lakini si mbali na watu wa pwani, kwani biashara huwafikisha Mugumu na Tarime mpaka Sirari kwenye mpaka wa Kenya, na baadhi yao huoa huko na kuzaa huko. Mgonjwa wa Mombasa ana mashine katika hospitali kuu ya Pwani, na wa Dar es Salaam ana Muhimbili. Mtu wa Kisaka huyu hutibiwa Bugando, mjini Mwanza, na njia ya kwenda peke yake hupita kilomita 200.

Afanyeje? Akitaka kulala kwake, husafiri mara mbili kwa juma katika gari la abiria, bega kwa bega na watu asiowajua, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Akitaka kuhamia Mwanza, huwa mgeni katika nyumba asiyoitawala, wala hana amri juu ya aingiaye na atokaye. Katika hali hizo mbili uhai wake umo mikononi mwa watu wengine. Akikohoa mtu aliyeketi nyuma yake garini bila ya kuufunika mdomo, amemfanyia jambo ambalo yeye hawezi kulizuia.

Mwaka 2020 dhiki hiyo ilizidi. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na Tanzania tarehe 16 Machi, mjini Arusha. Tarehe 8 Aprili serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na kwa Mombasa zuio hilo likadumu mpaka mwezi wa Julai. Tarehe 16 Mei ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaacha mizigo ipite, na mwenye jamaa ng'ambo ya Sirari akatengwa naye. India nayo ilikuwa imesimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje tangu mwezi wa Machi, na aliyekuwa akingoja kupandikizwa huko akabaki akingoja. Katika Tanzania misikiti haikufungwa, na tangu mwezi wa Mei hesabu za wagonjwa zikaacha kutangazwa, hata wengi wakadhani maradhi yamekwisha. Kumbe hayakwisha. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Muhimbili Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, baada ya chama chake kutangaza kuwa amepatwa na Korona.

SAYYIDNA UMAR NA ABU UBAYDA

Masala haya si mageni katika Uislamu. Mwaka 18 wa Hijria tauni iliingia Sham, na ile ndiyo ijulikanayo kwa jina la tauni ya Amwas. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda huko pamoja na sahaba, na alipofika mahali paitwapo Sargh akakutana na maamiri wa jeshi, naye Abu Ubayda bin Jarrah ndiye mkuu wao, wakamweleza khabari ya tauni. Umar akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akakata shauri kurudi Madina na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu ya kuwa aitoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja la majani na moja kavu. Akilisha penye majani amelisha kwa kadari, na akilisha penye ukavu amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akahadithia aliyoyasikia kwa Mtume S.A.W., ya kwamba nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe na aliye nje, wala asitoke kwa kuikimbia aliye ndani. Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Wengi huihadithia khabari hii wakakomea kwa Umar. Na amtazame msomaji Abu Ubayda naye. Yeye alirejea kwa watu wake waliokuwa wamo katika tauni, hakuwaacha, akafa pamoja nao. Umar hakuwaingiza watu penye maradhi, na Abu Ubayda hakuwatupa wenye maradhi. Haya ni mambo mawili, na sharia imeyataka yote mawili. Aliyeshika la kwanza akaacha la pili amemkimbia mgonjwa. Aliyeshika la pili akaacha la kwanza amemrundikia mgonjwa watu. Na makosa haya mawili ndiyo yaliyowapata wagonjwa wa figo siku za Korona.

KOSA LA KUMKIMBIA

Mgonjwa wa figo hukohoa maji yakimjaa, na pumzi humpanda. Siku zile, mtu wa namna hiyo akikohoa garini, watu humtazama kwa jicho baya, na pengine utingo humshusha. Jirani aliyekuwa akimbeba kwa pikipiki mpaka barabarani huanza kutoa udhuru. Mtoto aliyekuwa akifuatana naye hospitali huzuiwa na mama yake. Na mgonjwa akikosa wa kwenda naye mara moja, na mara ya pili, huja akafa, wala hakufa kwa Korona. Hufa kwa kuachwa.

Maulamaa wamesema ya kuwa kumuuguza mgonjwa ni fardhi ya kutoshelezeana. Akisimama mmoja dhambi huwaondokea wengine, na wakiacha wote, wote wana dhambi. Wala haki hii si ya Muislamu peke yake. Mtume S.A.W. alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi alipougua, na Jibrili alimuusia khabari ya jirani mara nyingi mpaka Mtume akadhani kuwa jirani atarithishwa. Basi mfanyabiashara Muislamu akaaye Kisaka, ikiwa jirani yake Mkurya ni mgonjwa wa figo, haki ile imo shingoni mwake, awe jirani huyo wa dini gani. Kuvaa barakoa, kufungua madirisha ya gari, kukaa mbali kidogo naye, hayo ni hadhari. Kumshusha njiani ni dhulma.

KOSA LA KUMRUNDIKIA

Watu wengine walifanya kinyume. Walisema ajali haisogei mbele wala nyuma, na mwenye tawakuli haogopi kikohozi. Wakaingia chumbani kwa mgonjwa watu kumi kwa mara moja, wakampa mikono, wakambusu kichwani, wakaketi saa mbili wakizungumza. Wanatafuta thawabu, na mgonjwa anaona haya kuwaambia waondoke, kwa sababu akisema ataambiwa hana imani.

Na ajue mwenye kusema hivyo ya kuwa tawakuli ni ya mtu juu ya nafsi yake, wala hakuruhusiwa kutawakali kwa uhai wa mwenziwe. Aliye mzima akipatwa na homa ile, huenda akalala siku tano akainuka. Yule aliyemwachia homa hiyo, huenda asiinuke. Sharia imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe, na dhara la asiyekusudia huitwa dhara vile vile.

Imamu Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye vitabu vyake vyasomeshwa katika darasa za pwani, aliandika kitabu juu ya tauni, Badhlul Maaun, naye mwenyewe alikuwa amefiwa na binti zake kwa tauni. Humo ameeleza ya kuwa mwaka 833 wa Hijria, katika Misri, watu walitoka kwenda jangwani wakakusanyika kuomba tauni iondoke, na baada ya mkusanyiko ule vifo vikazidi sana. Hakuikataa dua, kwani dua ni silaha ya Muislamu. Alilolionyesha ni mkusanyiko. Na kabla yake, katika tauni ile ya Amwas, walipokwisha kufa Abu Ubayda na Muadh bin Jabal, alishika amri Amr bin al-As, akawaamuru watu watawanyike milimani, na tauni ikaondoka.

Ama sala ya jamaa, mafakihi wa madhihabu ya Shafii wametaja nyudhuru zake, na miongoni mwao ni maradhi, na kumuuguza mgonjwa asiye na mwangalizi, au anayeliwazika kwa mtu huyo. Basi mwenye kumtazama mgonjwa wa figo, akichelea kuwa ataleta maradhi nyumbani kutoka penye msongamano, na asali nyumbani wala asione unyonge. Na mgonjwa mwenyewe Ijumaa imemwondokea, husali adhuhuri. Ama mwenye kikohozi na homa, yeye hana rukhusa ya kusimama safuni. Mtume S.A.W. amemzuia na msikiti mtu aliyekula kitunguu kibichi, kwa harufu tu iwaudhiyo watu. Ikiwa harufu yazuia, basi maradhi yauayo yazuia zaidi.

KOSA LA KUMPA KILA DAWA

La tatu ni tawi la hili la pili. Siku za Korona watu walichemsha tangawizi na ndimu na vitunguu saumu, wakajifukiza kwa majani, na mwezi wa Mei 2020 ikaletwa Tanzania dawa ya majani kutoka Madagaska. Kila aliyekuja kwa mgonjwa alikuja na jagi lake. Mtu mzima akinywa jagi la tangawizi hukojoa akapumzika. Mgonjwa wa mashine hana mahali pa kuyatoa maji hayo. Kipimo chake cha kunywa kwa kutwa ni kidogo, nacho amepewa na tabibu, na maji yaliyozidi humwingia mapafuni.

Na hapa watu wa pwani yawapasa waangalie khasa. Madafu yana potasiamu nyingi, na tende kadhalika, na ndizi, na maji ya machungwa. Vitu hivi ni neema ya Mungu na ni zawadi ya mwungwana. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimekufa, dafu moja baada ya jingine laweza kuusimamisha moyo wake usiku huo huo. Aliyepandikizwa figo naye ana mambo yake. Balungi huvuruga kipimo cha baadhi ya dawa zake, na majani mengine huidhuru figo yenyewe. Tena asidanganywe na mtu kuacha dawa zake kwa hoja ya kuwa zinamdhoofisha mbele ya Korona. Akiziacha kwa shauri lake mwenyewe, mwili utaikataa figo, na aliyoipata kwa mashaka itampotea. Apatwapo na homa, tabibu wake ndiye wa kupunguza au kubadili.

YAMPASAYO KILA MTU

Ama watu wa nyumba yake, yawapasa wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo nje, wamtengee chumba chenye hewa, na aliye na mafua miongoni mwao asimkaribie. Mmoja achaguliwe kumhudumia, wala si kila mtu. Akienda penye mashine avae barakoa, aunawe mkono wenye mshipa wa kusafishia damu, aseme mlangoni kama ana homa kabla ya kuingia, na asiifiche. Kwani akiificha huwatia khatarini wagonjwa wenziwe. Mgonjwa aliyepatwa na Korona hakunyimwa mashine. Husafishwa peke yake, au zamu ya mwisho, na mashine ikatakaswa baada yake.

Ama chanjo, katika Tanzania Bara ilianzishwa tarehe 28 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu. Imejulikana ya kuwa aliyepandikizwa figo mara nyingi hafaidiki na chanjo kama mtu mwingine, kwa sababu ya dawa zile, na mwezi wa Oktoba 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri wenye ulinzi dhaifu wa mwili waongezewe dozi. Basi aliye mzima akichanjwa amejikinga, na amekuwa kinga ya yule ambaye chanjo haimtoshi.

Ama wenye mali, na watazame nauli. Mgonjwa maskini wa Kisaka hutaka nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila juma, mpaka mwisho wa umri wake. Maskini Muislamu anastahiki zaka kwa ufukara wake, na sadaka haina mpaka wa dini. Na tajiri aliyekodi gari limpeleke mgonjwa peke yake siku za maradhi, amemzuru kuliko aliyekaa barazani pake siku saba.

Ama Ramadhani, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hakulazimishwa saumu, bali hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Asishindane na rukhusa ya Mola wake, wala watu wasimtazame kwa jicho la lawama.

Ama kutoa figo, Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jidda mwezi wa Februari 1988 lilijuzisha kupandikiza viungo kwa masharti, na miongoni mwayo ni kuwa mtoaji awe radhi, asipate dhara la kuharibu maisha yake, wala kiungo kisiuzwe.

MFANO WA NDUGU WAWILI

Na upigwe mfano wa ndugu wawili. Mkubwa anakaa Kisaka, na mdogo ana duka Dar es Salaam. Figo za mkubwa zilikufa, na mdogo akampa figo yake moja. Ikaja Idi ya mwaka 2020, na mdogo akapanda gari kwenda kumwamkia kaka yake, kama ilivyo desturi yao tangu utoto. Njiani akaanza kukwaruzwa na koo.

Alipofika uani, kaka yake akatoka mbio kumpokea. Mdogo akarudi nyuma hatua nne, akasema, "Kaka, usinikaribie. Nina koo, wala sijui ni la nini."

Kaka akasema, "Siku ya Idi, nisikupe mkono? Watu watasema nini?"

Akajibu, "Na waseme. Nilichokupa kwa ubavu wangu nisije nikakitwaa kwa mkono wangu."

Akawekewa kiti chini ya mti, mbali, akala huko, wakazungumza kwa sauti kubwa mpaka jua likachwa. Usiku akalala kwa jirani katika chumba cha peke yake, na asubuhi akaacha fedha za dawa juu ya kiti, akaenda zake. Watu wakasema mdogo ana kiburi, amekataa mkono wa nduguye. Je, huyu amekata udugu, au ameuunga? Na mwenye akili ahukumu.

KHATIMA

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa Korona si dharura tena ya dunia nzima. Walakini maradhi ya kuambukiza hayakukoma. Mwezi wa Machi 2023 yalitokea maradhi ya Marburg katika mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa ile ile iliyo jirani na Mara, na mwezi wa Januari 2025 yakatangazwa tena huko huko. Na mgonjwa wa mashine hakupewa likizo. Kesho alfajiri ataondoka tena kwenda kusafishwa damu, awe wa Kisaka au wa Kibokoni, na atakaa garini kando ya mtu asiyemjua.

Basi mtu huyo asiyemjua na awe Muislamu mwenye elimu ya amali yake. Akiwa mzima, na amsaidie kupanda. Akiwa na kikohozi, na angoje gari la pili. Amzuru mgonjwa kwa kadiri imfaayo mgonjwa, si kwa kadiri imfurahishayo mwenye kuzuru. Ashike la Umar na la Abu Ubayda pamoja, wala asilitenge moja na la pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wote, awape subira na ujira, awajaze rehema wenye kuwauguza, na awalinde waja wake na dhara la mikono yao wenyewe. Amin.